Majak Daw na Swali la Mtoto Aliyevuka Mto

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Bombambili, hapa Songea. Jioni moja nikiwa nimeketi barazani na mama, mpwa wangu aliyeko kidato cha tatu akanisogezea simu yake. "Mjomba, samahani, hebu tazama hapa. Huu ni mpira gani?" Kwenye kioo kulikuwa na wanaume waliovaa fulana zisizo na mikono, wakigombea mpira wenye umbo la yai. Mmoja wao, mrefu na mweusi kama sisi, aliruka akamkanyaga mwenzake mgongoni, akaudaka mpira juu ya vichwa vya wote. Uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe.

Nikamwambia kijana kwamba hiyo ni kandanda ya Kiaustralia, na kwamba mchezaji yule aliitwa Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, Sudan. Mama, ambaye hana habari na mpira wa aina yoyote, aliuliza swali moja tu: "Na huko Australia alifikaje?"

Ndugu msomaji, makala hii ni jibu langu kwa mama. Niliporudi chuoni nilitambua kwamba jibu nililompa jioni ile lilikuwa fupi mno, na kwamba ndani yake kulikuwa na jambo linalotuhusu sisi watu wa Ruvuma, na Watanzania kwa jumla, kuliko linavyowahusu Waaustralia.

Nianze na mchezo wenyewe. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Timu moja ina wachezaji 18 uwanjani, na uwanja ni wa duara lililorefuka. Kila upande una milingoti minne badala ya lango lenye wavu. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita katikati ya milingoti miwili mirefu, timu hupata pointi sita. Ukipita pembeni yake, pointi moja. Mchezaji anaruhusiwa kuudaka, kukimbia nao huku akiudundisha, kuupiga kwa mguu au kuusukuma kwa ngumi, lakini haruhusiwi kuurusha. Ligi ya jimbo la Victoria ilianza mwaka 1897, nayo mwaka 1990 ikapewa jina la Ligi ya Kandanda ya Australia, kwa kifupi AFL. Kwa watu wa Melbourne mchezo huu ni zaidi ya burudani. Mgeni akishajua timu anayoishabikia, ameanza kuwa mwenyeji.

Sasa tutazame historia ya nchi iliyouzaa mchezo huo. Mwaka 1901, mwaka ule ule makoloni ya Australia yalipoungana kuwa shirikisho, Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia uhamiaji. Ndiyo iliyokuwa nguzo ya sera iliyojulikana kama Australia ya Weupe. Mhamiaji asiyetakiwa aliweza kupewa imla katika lugha ya Ulaya ambayo hakuijua, akashindwa, akarudishwa alikotoka. Sera hiyo ililegezwa kidogo kidogo baada ya Vita Kuu ya Pili, na mabaki yake yakafutwa na serikali ya Gough Whitlam mwaka 1973. Wakati huo Tanzania huru ilikuwa na umri wa miaka 12. Kwa hiyo tunapozungumzia Australia inayopokea Waafrika, tunazungumzia jambo jipya, lenye umri wa kizazi kimoja na nusu hivi. Jambo hilo lilitokana na maamuzi ya kisheria yaliyofanywa na watu kwa mjadala na mabishano. Wema wa asili haukuhusika.

Majak Daw alizaliwa Machi 1991. Vita vya pili vya wenyewe kwa wenyewe vya Sudan vilikuwa vimeanza mwaka 1983, na vingeendelea hadi mkataba wa amani uliosainiwa Nairobi Januari 2005. Familia yake, yenye watoto tisa, ilikimbilia Misri, ikakaa huko takriban miaka mitatu, kisha mwaka 2003 ikapokelewa Australia. Ilifikia viunga vya magharibi mwa Melbourne. Kijana wa miaka 12, mgeni wa lugha, alikuta wenzake wa shule wakicheza mpira ambao hakuwahi kuuona. Akajiunga nao.

Hapa ndipo lilipo jibu la kweli la swali la mama. Majak hakufika kwenye ligi kuu kwa miguu yake peke yake. Alifika kwa sababu aliingia darasani siku ile ile alipokuwa na umri wa kuingia. Kwa sababu mtaa wake ulikuwa na klabu ya vijana. Kwa sababu juu ya klabu ya mtaa kulikuwa na timu ya vijana ya eneo, na juu yake kulikuwa na macho ya klabu za ligi kuu. Hakuna ngazi hata moja kati ya hizo ambapo kuzaliwa kwake Khartoum kulikuwa sababu ya kumwondoa. Mwaka 2009 klabu ya North Melbourne ilimchukua katika uteuzi wa wachezaji wanagenzi. Akawa mzaliwa wa kwanza wa Sudan kuchukuliwa na klabu ya ligi hiyo.

Uteuzi huo una utaratibu unaostahili kufikiriwa na wasomaji wangu walioko katika vyama vya michezo. Katika AFL, klabu haziwanunui vijana kwa ubabe wa fedha. Kila mwaka vijana wenye umri wa kuanza huwekwa kwenye orodha moja, na klabu iliyoshika mkia hupewa nafasi ya kwanza ya kuchagua. Aidha, jumla ya mishahara ambayo klabu inaweza kulipa ina ukomo. Taratibu hizi zilianza miaka ya 1980 kwa lengo la kuzuia klabu mbili tatu tajiri zisiimeze ligi. Sisi wa Songea, tuliowahi kuiona Majimaji ikitisha na kisha tukaiona ikididimia huku Simba na Yanga zikigawana karibu kila kilicho chema, tunaelewa uzito wa jambo hilo bila kuhitaji mhadhara.

Majak alisubiri. Miaka kadhaa alicheza ligi ya chini ya jimbo la Victoria. Huko, mwaka 2011, mtazamaji mmoja alimtukana kwa rangi yake. Hatimaye, Aprili 2013, aliingia uwanjani katika ligi kuu dhidi ya Brisbane Lions, na mpira wake wa kwanza alioupiga ukazaa bao. Mwaka huo huo alifunga mabao sita katika mchezo mmoja dhidi ya Western Bulldogs. Watoto wa Kisudani wa viunga vya Melbourne, ambao walikuwa wakitazama mchezo huo kama karamu ya watu wengine, wakaanza kuvaa fulana yenye jina lake.

Ningependa kuishia hapo, kama wafanyavyo waandishi wa habari za kutia moyo. Lakini mwanahistoria hana ruhusa ya kukatisha simulizi pale panapopendeza. Mchezo ule ule uliompokea Majak una kumbukumbu nzito ya ubaguzi, hasa dhidi ya wenyeji asilia wa Australia. Aprili 1993, Nicky Winmar, baada ya kutukanwa na mashabiki mchezo mzima, aliinua fulana yake na kuionyeshea kidole ngozi yake. Mwaka 1995 Michael Long alikataa kunyamazia tusi alilorushiwa uwanjani, na ligi ikalazimika kuandika kanuni ya kuadhibu matusi ya rangi. Hata hivyo kanuni haikutosha. Adam Goodes, mmoja wa wachezaji bora wa kizazi chake na Mwaustralia wa Mwaka 2014, alizomewa viwanja hadi viwanja mpaka akastaafu mwaka 2015. Ligi na klabu zake ziliomba radhi mwaka 2019, wakati mwenyewe alikwishaupa mchezo huo kisogo.

Januari 2018 waziri wa mambo ya ndani wa Australia alitangaza kwamba watu wa Melbourne wanaogopa kutoka kwenda kula usiku kwa sababu ya magenge ya Waafrika. Vijana wengi wa Kisudani waliokuwa wakienda kazini na shuleni waliamka asubuhi hiyo wakiwa washukiwa. Mwaka huo huo Majak alihamishiwa nafasi ya ulinzi, akacheza msimu ambao wengi waliuona kuwa bora kuliko yote aliyowahi kucheza. Kisha Desemba 2018 alianguka kutoka daraja la Bolte mjini Melbourne, akavunjika vibaya nyonga. Baadaye alizungumza hadharani kuhusu msongo wa mawazo na afya ya akili, na kuwahimiza wanaume wengine waseme kabla hawajazidiwa. Sitaki kuhusisha maumivu ya mtu mmoja na kauli ya waziri. Mambo ya moyo wa mtu hayapimwi kwa magazeti. Ninachosema ni kwamba aliyebeba jina la "wa kwanza" hubeba na macho ya wote, na hakuna anayemuuliza kama mzigo umemwelemea.

Alirudi. Madaktari, wenzake na klabu walimshika mkono. Mwaka 2019 alicheza tena ligi ya chini, na mwaka 2020 akarejea ligi kuu. Mwaka 2021 alihamia klabu ya Melbourne, ambayo mwaka huo ilitwaa ubingwa kwa mara ya kwanza tangu 1964, ingawa yeye hakupata nafasi ya kucheza mchezo wa ligi kuu. Akastaafu akiwa na michezo 54 ya ligi kuu, yote akiwa na North Melbourne. Kwa hesabu za takwimu si nyingi. Kwa hesabu ya njia aliyoipasua, ni nyingi sana.

Sasa niwarejeshe nyumbani, maana kuna jina la pili ambalo halipaswi kutupita. Aliir Aliir alizaliwa Septemba 1994 katika kambi ya Kakuma, Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya. Kambi hiyo ilikuwa imefunguliwa mwaka 1992 ili kuwapokea vijana na familia zilizotembea kwa miguu kutoka Sudan. Aliir aliondoka akiwa mtoto, akakulia Australia, akachaguliwa na Sydney Swans mwaka 2013, akaanza kucheza ligi kuu mwaka 2016, kisha akahamia Port Adelaide. Mwaka 2021 aliingia katika kikosi cha heshima cha wachezaji bora wa nchi nzima. Katika kambi hiyo hiyo, mwaka 1995, alizaliwa Awer Mabil. Huyu alicheza mpira wetu huu wa kawaida, na Juni 2022 akawa miongoni mwa waliofunga penalti zilizoitoa Peru na kuipeleka Australia kwenye Kombe la Dunia. Mwenzake Thomas Deng alizaliwa Nairobi. Wawili hao waliivaa jezi ya taifa la Australia kwa mara ya kwanza katika mchezo mmoja, dhidi ya Kuwait, Oktoba 2018.

Tafakari hapo, msomaji. Wanamichezo watatu wa kimataifa wamezaliwa Kenya, katika ardhi ya Afrika Mashariki, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuhesabika kuwa wetu. Kuzaliwa Kakuma hakukumpa mtoto uraia wa Kenya. Kulimpa kadi ya mgao wa chakula na mahali pa kusubiri. Australia haikuwazaa. Iliwapa makaratasi, darasa na uwanja.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Mwaka 1991 nilikuwa darasa la tano hapa Bombambili. Katika timu yetu kulikuwa na kijana mmoja aliyecheza winga ya kushoto. Alikuwa mwembamba, hana viatu, na akishaupata mpira sisi wengine tulisimama tukatazama. Mama yake alikuwa amevuka Ruvuma akiwa amembeba mgongoni, akikimbia vita vya Msumbiji. Alizungumza Kingoni kama sisi, akatania kama sisi, akachapwa na mwalimu kama sisi. Wakati wa kuchagua timu ya kwenda mashindano ya shule za msingi, jina lake lilikuwa la kwanza. Siku mbili kabla ya safari liliondolewa. Tuliambiwa "hana karatasi". Mwalimu wetu alijaribu kumtetea, akaambiwa asijiletee matatizo. Kijana yule hakulia. Alitusindikiza hadi kwenye gari akiwa amebeba mfuko wa mipira, akatupungia mkono. Tulifungwa mchezo wa kwanza tukarudi. Mkataba wa amani wa Msumbiji ulipotiwa saini Roma, Oktoba 1992, familia yake ilianza kujiandaa kurudi, na baada ya muda sikumwona tena.

Sisemi angekuwa Majak Daw. Pengine angekuwa fundi seremala mwenye hadithi nzuri za utotoni, kama tulivyo wengi. Ninachosema ni kwamba hakupewa nafasi ya kushindwa kwa haki, na waliomnyima hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watumishi waliofuata mazoea.

Na mazoea hayo hayaendani na historia yetu. Mji huu unaitwa kwa jina la Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Wangoni wenyewe walitoka kusini ya mbali, wakauvuka Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, wakazunguka nchi nyingi kabla ya vizazi vyao kutulia hapa. Walikuja kwa nguvu, na sipambi ukali wao. Lakini leo nani atamwambia Mngoni wa Peramiho kwamba hana karatasi? Katika miaka ya 1960, Watu wa Msumbiji waliokimbia vita vya ukombozi walipokelewa mkoani humu, Muhukuru ikiwa moja ya makazi yao. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Tuzo ya Nansen kwa namna Tanzania ilivyowahifadhi wakimbizi. Na mwaka 2014 nchi yetu ilifanya jambo ambalo mataifa mengi tajiri hayajathubutu kulifanya: ilitoa uraia kwa watu zaidi ya 160,000 waliotoka Burundi mwaka 1972 na watoto wao, wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kwa hiyo tunaweza. Tumekwisha kulifanya.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, naomba mkifungue tena kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Maneno yake yanampa uraia mtu aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, isipokuwa mtoto wa mwanadiplomasia wa nje na wa adui katika eneo lililotekwa. Katika utekelezaji, hata hivyo, ofisi nyingi humtaka mtoto aonyeshe kwamba angalau mzazi mmoja ni raia. Kati ya maneno ya sheria na mazoea ya ofisi kuna pengo, na ndani ya pengo hilo wanaishi watoto. Wapo waliozaliwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996, ambao sasa nao wana watoto.

Najua hoja zinazopingana na yangu, na si za kupuuzwa. Nchi ina shule zilizojaa na hospitali zenye uhaba. Usalama wa mpakani ni jambo la kweli. Nchi tajiri hutuachia mzigo kisha hutuhubiria ukarimu. Hiyo hiyo Australia iliwachukua akina Majak kwa ndege na wakati huo huo ikawafungia katika visiwa vya Nauru na Manus watu waliofika kwa mashua. Sitaki tuige kila kitu chake. Nataka tuazime jambo moja: mtoto akishakuwa ndani ya nchi, aingie darasani na uwanjani kama mtoto, na mjadala kuhusu wazazi wake ufanywe na watu wazima mahali pengine. Jambo hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji waraka mmoja wa wizara, na mwalimu atakayekuwa na uhakika kwamba akimtetea mwanafunzi wake hajiletei matatizo.

Siku ya kuondoka Bombambili nilipita kwenye kiwanja tulichochezea. Nusu yake imejengwa nyumba. Nusu iliyobaki watoto bado wanacheza, mpira wao wa makaratasi na kamba kama ule wetu. Mpwa wangu alinionyesha kijana mmoja mwenye mguu wa kushoto mwepesi ajabu. Nikamuuliza kwao ni wapi. Akanishangaa. "Mjomba, si wa hapa hapa," akasema.

Nilikuwa nimeuliza kama afisa. Yeye alijibu kama mwenyeji, na jibu lake lilikuwa sahihi kuliko swali langu.